Kuunda Programu Kidogo Kidogo

Mzazi wa Bariadi amtumiapo mwanawe nauli kwa simu, hutegemea programu ya kompyuta. Kosa moja humo laweza kuipoteza nauli hiyo. Je, mafundi huzuiaje makosa?

Zamani wengi walimaliza programu nzima ndipo wakamwonyesha mtumiaji. Mwaka 2001 mafundi 17 walikutana Utah, Marekani, wakatangaza njia nyingine: toa sehemu ndogo, mtumiaji aijaribu, irekebishwe, kisha endelea.

Mfano unaokaribiana na njia hiyo ni M-Pesa. Mwaka 2005 ilijaribiwa Kenya kwa wateja wapatao 500, nia ikiwa kulipa mikopo. Wateja wakaonekana kutumiana pesa wao kwa wao. Basi shabaha ikageuzwa, na mwaka 2007 huduma ikafunguliwa kwa kutuma pesa nyumbani. Tanzania iliipata mwaka 2008.

Lakini mfano mmoja si ushahidi wa kutosha. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya vikundi vinne vya IBM na Microsoft, vilivyoandika majaribio ya kukagua programu kabla ya programu yenyewe. Makosa yalipungua kwa asilimia 40 hadi 90. Bali muda wa kazi, kwa makadirio ya wakuu wao, uliongezeka kwa asilimia 15 hadi 35.

Basi, wenzangu, tusiisifu njia kwa upya wake. Tupime faida yake pamoja na gharama yake.