Somo la Vikundi: Kwa Nini Waridi Letu la Manjano Liligeuka?

Somo la leo ni juu ya mawaridi ya manjano, yale makubwa yanayotoa ua moja kwenye kikonyo kirefu, ambayo wengi wetu huyaita rozi. Kuna watakaosema maua si chakula. Ni kweli. Lakini maua yanahitajika kila arusi, kila mazishi na kila Jumapili, na pesa za kuyanunua hutoka mifukoni mwetu. Tena somo hili lilitufikia kwa njia ngumu, kwa hiyo tuanze na yaliyotupata.

YALIYOTUPATA

Kikundi chetu kilinunua miche kumi ya mawaridi ya manjano kwa pesa za mchango wa kila mwezi. Tulitaka maua ya kupamba kanisa na arusi, na yakizidi tuuze. Tuliipanda kwa mama mmoja ambaye nyumba yake iko karibu na maji, naye akakubali kuitunza.

Mwaka wa kwanza tulifurahi sana. Mwaka wa pili, miche minne ikaanza kutoa vijiua vidogo vyeupe, vyenye wekundu kidogo. Basi maneno yakaanza. Eti mama ameuza miche ya kweli akapanda mingine. Mama wa watu alilia mbele ya mkutano, akasema, "Njooni mchukue miche yenu, mimi niacheni." Wanachama watatu wakaacha kuleta mchango. Kikundi kilikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya maua!

Ndipo kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi katika shamba la maua kule Naivasha alipokuja kuona. Alichutama, akafukua udongo kwa mikono, akatuita sote. Akasema, "Mama hana kosa. Hakuna mche ulioibwa. Mmelea mti wa chini, na ule wa juu umekufa kwa njaa."

MCHE MMOJA, MIMEA MIWILI

Wengi wetu hatukujua kwamba mche wa waridi unaouzwa ni mimea miwili iliyounganishwa. Chini ni waridi la mwituni au aina nyingine yenye mizizi yenye nguvu. Katika mashamba mengi ya Kenya hutumiwa aina iitwayo Natal Briar. Juu yake limepachikwa jicho la waridi zuri tunalolitaka. Mahali walipoungana huonekana fundo.

Mti wa chini hautaki kufa. Ukipata nafasi hutoa machipukizi yake mwenyewe, nayo hukua haraka kuliko yale ya juu. Sisi tulipoyaona tulisema, "Tazama, mche unanawiri!" Tukayawekea mbolea. Kumbe tulikuwa tunamlisha mwizi, na mwenye nyumba analala njaa.

Basi fanyeni hivi:

1. Kila wiki mbili angalieni shina. Chipukizi lililotoka juu ya fundo ni letu. Lililotoka chini ya fundo, au kwenye udongo, si letu.

2. Msitegemee kuhesabu majani. Watu husema yenye vijani saba ni ya mwituni na yenye vitano ni mazuri, lakini hata mawaridi mazuri mengine huwa na saba. Fuateni chipukizi hadi linapotoka.

3. Fukueni udongo taratibu, mlishike karibu na mzizi, mling'oe kwa kulivuta. Mkilikata kwa kisu juu juu, macho yaliyobaki yatatoa mengine mengi.

Kati ya ile miche minne tuliokoa mmoja. Mitatu ilikuwa imekwisha.

RANGI YA MANJANO NA UGONJWA WAKE

Mawaridi haya makubwa hayakuwa na rangi ya manjano iliyokolea tangu mwanzo. Mkulima Mfaransa wa mji wa Lyon, Joseph Pernet-Ducher, alitumia waridi la manjano lenye asili ya Uajemi, na mwaka 1900 akatoa aina iitwayo Soleil d'Or. Mawaridi mengi ya manjano yaliyofuata yana damu yake. Aina mojawapo inayojulikana sana ni Peace, yaani Amani, kazi ya Francis Meilland. Ilipewa jina hilo mwaka 1945 vita kuu ya pili ilipokuwa ikiisha. Ni ya manjano, na kingo zake zina wekundu kidogo.

Lakini waridi la Uajemi lilikuja na urithi mwingine: linashikwa upesi na ugonjwa wa madoa meusi. Ndiyo sababu mawaridi mengi ya manjano husumbuliwa kuliko mengine. Majani hupata madoa, hugeuka rangi, kisha huanguka. Ugonjwa huu ni ukungu. Huhitaji jani likae na maji saa nyingi, na matone yanayoruka huusambaza.

Kwa hiyo maji yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani, tena asubuhi. Okoteni majani yaliyoanguka, myachome au myafukie mbali. Msiyatie kwenye mboji. Wadudu wadogo wa kijani wanaokaa kwenye matumba waondolewe kwa vidole au kwa maji yenye sabuni kidogo. Tafadhali, msichukue dawa ya ng'ombe au ya kahawa iliyobaki mkanyunyizia maua. Maua haya yatashikwa na watoto na kuwekwa mezani.

KUPANDA NA KUTUNZA

Chagueni mahali penye jua kwa saa sita au zaidi kila siku, mbali na mizizi ya miti mikubwa. Maji yasituame hapo. Chimbeni shimo la futi moja na nusu kwa upana na kwa kina. Changanyeni udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huchoma mizizi. Kati ya mche na mche acheni futi mbili na nusu, upepo upite na majani yakauke.

Sasa sikilizeni vizuri: lile fundo libaki juu ya udongo, kiasi cha vidole viwili. Sisi tulilifukia. Ndiyo maana hatukuona machipukizi ya mwizi yalikotoka.

Wakati wa kiangazi kila mche upate ndoo moja ya maji kwa wiki, mkiigawa mara mbili. Tandazeni nyasi kavu kuzunguka mche, lakini zisiguse shina.

Wiki mbili au tatu kabla ya mvua ndefu, pogoeni. Ondoeni matawi makavu, membamba na yanayosuguana. Acheni matatu hadi matano yenye nguvu, kimo cha goti. Kateni kwa mkasi mkali, kwa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Kwa njia hii mti hufunguka katikati kama kikombe na hewa hupita.

Kikonyo kikitoa tumba kubwa na mengine madogo pembeni, toeni yale madogo yakiwa bado machanga. Lililobaki litakuwa ua kubwa.

KUKATA KWA AJILI YA ARUSI

Baada ya kukata ua, jingine huchukua wiki sita hadi nane, na mahali pa baridi huchelewa zaidi. Hesabuni kurudi nyuma kutoka siku ya arusi. Miti mingine ikatwe wiki ya nane kabla, mingine ya saba, mingine ya sita, ili baadhi yake iwe tayari siku hiyo.

Wakati wa kukata ni alfajiri au jioni, si jua kali. Mwendeni na ndoo ya maji, ua liingie humo mara moja. Kwenye mti acheni angalau majani mawili yenye vijani vitano chini ya mkato, maana hapo ndipo ua jingine litatokea. Waridi la manjano hufunguka haraka, kwa hiyo likateni likiwa bado limefumba kidogo kuliko jekundu. Kisha ndoo ilale usiku mmoja mahali pa baridi penye giza. Maua yakinywa maji usiku, hayatainamisha shingo kanisani.

KUPAMBA

Si lazima kununua vifaa. Chukueni chombo kizito, mkunje waya wa kuku na kuuingiza ndani. Huo utashika vikonyo, na utatumika tena mwaka ujao. Toeni majani yote yatakayozama majini, kwa sababu huoza.

Anzeni na majani ya kijani: saipresi au mkaratusi mchanga. Halafu maua matano au saba yanatosha. Lile refu liwe kama mara moja na nusu ya kimo cha chombo. Matumba yakae juu, yaliyofunguka yakae chini karibu na mdomo wa chombo. Msiyabane, kila ua lipate nafasi yake. Manjano huonekana vizuri hata na aliyekaa benchi la nyuma katika jengo lenye giza, ambapo zambarau hupotea.

Kila siku badilisheni maji na kukata kidogo mwisho wa kikonyo. Na Jumapili ya mavuno, msiyaweke maua karibu na ndizi mbivu. Matunda yanayoiva hutoa hewa inayozeesha maua upesi.

MWISHO

Tulirudi kwa yule mama tukamwomba msamaha, sote, si mwenyekiti peke yake. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema ataendelea kutunza miche, ila kila wiki mbili wanachama wawili waje waikague naye. Tukaandika hivyo kwenye kitabu cha mikutano. Tunaona alikuwa na hekima kuliko sisi. Mali ya wote ikitazamwa na mtu mmoja, siku ya hasara lawama zote ni zake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni mali gani ya kikundi chetu iko mikononi mwa mtu mmoja? Nani humsaidia kuitazama?
2. Tumewahi kumlaumu mtu kabla ya kufukua na kuona mzizi wa jambo? Tulifanya nini baadaye?
3. Nendeni pamoja kwenye waridi lililo karibu. Tafuteni fundo. Je, kuna chipukizi chini yake?
4. Arusi yetu ijayo ni lini? Tukihesabu kurudi nyuma wiki nane, tutakata siku gani?