Dondoo muhimu: Hela ya droo si mshahara wako

Duka huanza kufa pale mwenyewe anapochota shilingi 5,000 kwenye droo kununulia mboga, bila kuandika. Kesho nauli, keshokutwa vocha. Siku ya kwenda kuchukua mzigo Kariakoo, mtaji umepungua na hakuna ajuaye umekwenda wapi.

Jipangie mshahara, hata kama ni mdogo, na ujilipe siku moja tu ya wiki. Ukiisha kabla ya siku hiyo, vumilia. Hapo ndipo nidhamu inapopimwa, na kwa maoni yangu ni pagumu kuliko kutafuta wateja. Ndugu akiomba msaada, mpe kutoka kwenye mshahara huo, usiguse mtaji.

Kabla ya kufunga, andika ulichouza, ulichokopesha na ulichotoa. Tumia laini moja ya simu kwa biashara, nyingine kwa mambo ya nyumbani.

Nidhamu iwe hata kwenye muda: fungua duka saa ileile kila siku.

Kwa Tanzania Bara, wafanyabiashara wadogo hulipa kodi ya makadirio kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Itengee fedha kila wiki.

Nunua daftari leo, uandike hesabu ya kwanza jioni hii hii.