Elimu kwa Umma: Kubadili Dini, Haki Yako na Taratibu Zake

Maelezo haya yameandaliwa kwa wakazi wa Kipili na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi. Yanamhusu anayetaka kubadili dini, ndugu zake, na viongozi wa kijiji na wa ibada. Msingi wa majibu yote ni mmoja: imani ni hiari ya mtu mwenyewe, kuingia na kutoka.

Je, sheria inaniruhusu kubadili dini?
Ndiyo. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatoa uhuru wa imani na inataja waziwazi uhuru wa kubadili dini. Huhitaji kibali cha mwenyekiti wa kijiji, cha mwajiri wala cha ukoo.

Tunasikia habari za Wayahudi waliogeuka kuwa Wakristo. Ni kweli?
Ni kweli, na mmoja wao anahusika na historia ya nchi yetu. Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, alizaliwa mwaka 1840 katika familia ya Kiyahudi huko Silesia, akabatizwa Mlutheri akiwa mtoto baada ya mama yake kuolewa na Mkristo. Ukubwani alichukua jina la Kiislamu. Wapo pia waliopita njia ya kinyume: mwaka 1919, karibu na Mbale nchini Uganda, Semei Kakungulu, kiongozi aliyekuwa Mprotestanti, alianzisha jumuiya ya Wayahudi wa Kiafrika iitwayo Abayudaya, ambayo ipo hadi leo.

Myahudi akibatizwa, huacha kuwa Myahudi?
Uyahudi ni dini na pia ni uzao. Kwa sheria ya dini ya Kiyahudi, aliyezaliwa na mama Myahudi hubaki Myahudi hata akihama imani, ingawa jumuiya yake yaweza kumhesabu kuwa ameiacha. Edith Stein, Myahudi wa Ujerumani, alibatizwa Mkatoliki mwaka 1922 na baadaye akawa mtawa. Hata hivyo Wanazi walimuua katika kambi ya Auschwitz mwaka 1942 kwa sababu ya uzao wake.

Nianzie wapi nikitaka kubatizwa?
Katika Kanisa Katoliki, mtu mzima huanza kwa katekista au padre, kisha huingia ukatekumeni, yaani kipindi cha mafundisho na maandalizi kabla ya ubatizo. Kwa kawaida ubatizo wa watu wazima hufanyika Mkesha wa Pasaka, pamoja na kipaimara na komunyo ya kwanza. Makanisa mengine yana taratibu zake, hivyo uliza mapema mafundisho huchukua muda gani.

Kanisa letu hubatiza ziwani. Kuna tahadhari gani?
Chagueni maji ya kina kifupi, siku isiyo na mawimbi, na muwaulize wavuvi wa eneo hilo kuhusu mamba na viboko kabla ya mtu yeyote kuingia. Kama mnakwenda kwa mtumbwi au boti, kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha. Ziwa hili lina kichocho, ugonjwa ambao vimelea vyake hupenya kwenye ngozi mtu akiwa majini. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, nenda kituo cha afya ukapimwe.

Je, ni lazima nibadili jina?
Hapana. Jina la ubatizo linaweza kutumika kanisani tu, na vyeti vyako vikabaki vilivyo. Ukitaka kulitumia rasmi, wakili atakuandalia hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, kisha uipeleke Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ili taarifa zako zirekebishwe.

Ndoa yangu itavunjika?
Haivunjiki yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama mamlaka ya kutoa talaka, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Katika mazingira fulani mahakama inaweza kupokea kuhama dini kama ushahidi, lakini uamuzi unabaki kuwa wa mahakama. Mwenzi wako naye halazimiki kukufuata.

Mtoto naye?
Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumbagua kwa sababu ya dini. Wazazi wenye dini tofauti wakae waelewane kabla ya kumpeleka mtoto popote. Wakishindwa, wamwone afisa ustawi wa jamii.

Inasemekana anayehama dini hunyang'anywa shamba, au hupewa fedha. Je, ni kweli?
Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa migogoro ya ukoo huwa inatokea. Lakini Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya kila mtu, na shamba lako halihami kwa sababu umehama dini. Mgogoro wa mirathi upelekwe mahakamani, usiamuliwe kwa vitisho. Anayekuahidi fedha ili ubatizwe anakuondolea hiari yako, mkatalie.

Nimeambiwa niache dawa kwa kuwa nimeokoka. Nifanye nini?
Endelea na dawa zako, hasa za VVU, kifua kikuu, kisukari na shinikizo la damu. Sala na matibabu vinaweza kwenda pamoja. Anayetoa dawa au kuisitisha ni mhudumu wa afya.

Nikitishwa au nikitukanwa?
Kanuni ya Adhabu inafanya kuwa kosa kuitukana dini, kuvuruga ibada, na kusema maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi, ukitaja siku, mahali na mashahidi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Tunawaomba wazazi, wachungaji, mapadre na masheikhe wamsikilize anayehama kabla ya kumhukumu. Naye aliyehama asiidharau dini aliyoiacha, kwa kuwa waumini wake wanalindwa na Katiba ileile inayomlinda yeye.