SOMO LA JEOGRAFIA NA HISTORIA: NAMNA YA KUTEMBEA KATIKA MUJI WA BRUXELLES



Juma moja limepita, mwanafunzi wa mwaka wa ine aliniuliza: «Mwalimu, kwa nini tujifunze karte ya Bruxelles? Sisi watu wa Kasungami tutafika kule lini?» Ulizo lake ni jema, na somo hili ni jibu lake. Wamoja kati yenu watafika kule kwa masomo ao kwa kutembelea yaya na shangazi. Lakini hata yule asiyefika atafaidika, kwa sababu ndani ya muji ule kuna vitu vilivyotoka hapa kwetu. Mutembezi asiyejua kusoma muji atavipita bila kuviona.

1. Muji wa zamani haukupimwa kwa kamba

Wabelgiji walianza muji wetu wa Lubumbashi katika mwaka 1910. Walichora avenyu kwanza kwenye karatasi, zimenyooka, moja inakata nyingine. Kwa hiyo sisi tumezoea kusema: «Hesabu avenyu tatu, kisha uingie kuume.» Ukifanya hivyo Bruxelles ya kati, utapotea. Muji ule una zaidi ya miaka 1.000. Ulianza kando ya muto Senne, na njia zake zilifuata maji, soko na mulima. Zinapinda kama njia ya mbuzi.

Muto wenyewe hutauona. Ulikuwa muchafu sana na ulileta magonjwa, basi kati ya 1867 na 1871 waliufunika na kujenga barabara kubwa juu yake. Mugeni anatafuta muto, kumbe uko chini ya miguu yake.

Sasa tutajiongoza namna gani? Shikeni alama mbili.

Ya kwanza ni munara. Sisi hapa tukipotea tunatafuta ile shemine ya Gécamines, yenye urefu wa metre 153. Kule wana munara wa Hôtel de Ville, metre 96, uliomalizika katika mwaka 1455. Juu yake kuna sanamu ya malaika Mikaeli. Chini yake ni Grand-Place.

Ya pili ni mutelemko. Kuna muji wa chini na muji wa juu. Ukitaka Grand-Place na soko za zamani, telemuka. Ukitaka nyumba ya mufalme, panda. Miguu yako itakuambia kabla ya karte.

Vilevile someni majina ya njia. Rue au Beurre, Rue des Bouchers, Rue du Marché aux Herbes: njia ya siagi, ya wauza nyama, ya soko la majani. Kila jina linasema kilichouzwa pale.

Katika Grand-Place musimame katikati na kutazama juu. Katika mwaka 1695 majeshi ya Ufaransa yaliupiga muji kwa mizinga, na nyumba karibu zote za pale zikaungua. Vyama vya wafanya kazi, kama vile watengeneza mikate, watengeneza pombe na watu wa mashua, walizijenga tena kwa miaka michache tu. Kila chama kiliweka alama yake ukutani. Tangu 1998 UNESCO imeandika mahali hapa kati ya mali ya ulimwengu.

2. Lugha mbili, tike moja

Bruxelles ina lugha mbili za serkali, Kifaransa na Kiflamand. Kila njia ina majina mawili. Gare du Midi ni vilevile Brussel-Zuid. Ndani ya muji hakuna shida. Shida inaanza ukipita mupaka wa Bruxelles, kwa maana upande wa Flandre wanaandika Kiflamand peke yake. Mutu anayekwenda Liège, kama akingoja jina hilo katika stesheni ya Leuven, treni yake itamupita mbele ya macho. Pale wameandika Luik. Na Mons ni Bergen. Basi kabla ya kusafiri andika majina yote mawili.

Tike moja ya safari inafaa kwa metro, tramu na bisi kwa dakika 60, na unaweza kubadilisha gari ndani ya muda huo. Hakuna kijana mulangoni wa kuita watu kama katika teksi-bisi zetu. Wewe mwenyewe usome namba na jina la mwisho wa njia. Tazama pande zote mbele ya tramu, kwa sababu haiwezi kusimama upesi. Na ukitaka kuuliza mutu njia, usianze na ulizo. Sema kwanza «Bonjour», kama vile hapa hakuna kuuliza mukubwa bila kumusalimia.

3. Saa mbili kwa miguu

Hii ndiyo njia ninayowapa. Tokeni Gare Centrale, telemukeni Grand-Place, mutazame. Kisha rudini na kupanda Mont des Arts mupaka Place Royale. Pitieni mbele ya nyumba ya mufalme, mufike Place du Trône.

Pale kuna sanamu ya Leopold wa Pili juu ya farasi, iliyosimamishwa katika mwaka 1926. Watalii wengi wanapiga picha, wanakwenda zao. Wewe karibia, soma plaki. Imeandikwa kwa Kifaransa kwamba shaba na bati ya sanamu hii vilitoka Congo Belge, na kwamba Union Minière du Haut-Katanga ilivitoa bure.

Wanafunzi, rudieni maneno haya polepole. Union Minière ndiyo kampani iliyowasha moto wa kwanza wa kiwanda cha Lubumbashi katika mwaka 1911. Plaki inataja jina la kampani. Aliyechimba, aliyesukuma wagoni, aliyesimama mbele ya moto, jina lake haliko. Katika mwaka 2020 vijana walimwanga rangi nyekundu juu ya sanamu hiyo. Mabishano juu yake hayajaisha.

Endeleeni dakika chache tu mupaka Porte de Namur. Hapo kartye ya Matonge inaanza, yenye jina la kartye ya Kinshasa. Utasikia Lingala, na ukibahatika utasikia Kiswahili chetu:

— Mama, jambo.
— Jambo sana, mutoto. Unatoka wapi?
— Natoka ku Lubumbashi, mama. Natafuta square ya Lumumba.
— Eh! Iko hapa tu, karibu na metro. Mimi niko wa Likasi!

Square Patrice Lumumba ilifunguliwa tarehe 30 Juni 2018. Munajua kwamba Lumumba aliuawa hapa Katanga, tarehe 17 Januari 1961. Jino lake lilirudishwa kwa jamaa yake kule Bruxelles tarehe 20 Juni 2022, kisha likaletwa Congo na kuzikwa Kinshasa. Kati ya farasi wa Leopold na square ya Lumumba hakuna hata kilometre moja.

4. Tervuren

Siku ingine, shikeni metro 1 mupaka Montgomery, kisha tramu 44. Inapita katika pori nzuri na kufika Tervuren, penye nyumba kubwa ya makumbusho ya Afrika. Katika mwaka 1897 Leopold alileta Wakongomani 267 waonyeshwe pale kwa watu. Baridi na mvua zilikuwa kali, na saba walikufa. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Ekia, Kitukwa na Mibange ni kati yao.

Ndani ya nyumba ile kuna ukuta wenye majina zaidi ya 1.500 ya Wabelgiji waliokufa Congo. Fundi wetu Freddy Tsimba, wa Kinshasa, aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha. Jua likiangaza, kivuli cha majina yao kinaanguka juu ya ukuta ule.

5. Maulizo na kazi ya nyumbani

a) Kwa nini njia za Bruxelles zinapinda na za Lubumbashi zimenyooka?
b) Uko chini ya munara wa Hôtel de Ville. Utafikaje Place du Trône bila kuuliza mutu?
c) Taja jina la pili la Liège na la Mons.
d) Plaki ya Place du Trône inasema nini, na inaacha nini?
e) Kazi kubwa: uliza babu, bibi ao muzee wa kartye: nani katika jamaa yenu alifanya kazi Union Minière ao Gécamines? Kazi gani? Miaka gani? Andika jina lake lote, bila kosa, ulete karatasi kwa mwalimu Jumatatu. Tutayachapa majina hayo katika buletini ijayo, hata kama yatajaza kurasa zote.