SOMO: KUBADILI SURA YA TOVUTI NZIMA KWA AGIZO MOJA



Somo la mara hii linawahusu hasa makatibu wa matawi na vijana wetu waliopewa kazi ya kutunza tovuti za chama. Hata hivyo tunaomba kila mwanachama alisome, kwa sababu tovuti ikiwa mbovu anayeumia ni msomaji, si mtunzaji.

Tawi letu hapa Kigali lilikuwa na tovuti ya kurasa arobaini hivi, na karibu kila ukurasa ulikuwa na mwandishi wake. Mmoja alipenda kijani, mwingine bluu. Ukurasa wa fidia ya ajali kazini uliandikwa kwa herufi za kijivu hafifu juu ya nyeupe. Ofisini, mbele ya kompyuta kubwa, ulipendeza. Lakini wenzetu wachumaji wa chai husoma kwa simu ndogo, juani, kikapu kikiwa mgongoni. Mmoja wao alitujia na karatasi ya daktari akiwa amechelewa kutoa taarifa ya kuumia. Siku za kutoa taarifa zilikuwa zimeandikwa pale pale kwenye ukurasa, naye akasema hakuziona. Tukaufungua kwenye simu yake, tukatoka naye nje ya mlango. Kweli, hazikuonekana.

Tukaagiza rangi zibadilishwe. Mtunzaji akaanza ukurasa mmoja mmoja, na kabla hajafika nusu akachoka. Hatumlaumu. Kosa lilikuwa katika mpango wa kazi.

Wenzetu wa viwanda vya nguo wanajua jambo hili kuliko sisi. Mkata nguo hapimi kola upya kwa kila shati. Ana kiolezo cha karatasi ngumu, na mashati mia hukatwa kwa kiolezo hicho kimoja. Tovuti nayo ina kiolezo chake, kiitwacho karatasi ya mitindo, au kwa kifupi CSS. Mnorwe Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994 alipokuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva. Akaiendeleza pamoja na Mholanzi Bert Bos, na shirika la W3C likaipitisha Desemba 1996. Nia yake ni kutenganisha maneno na sura: maneno yakae kwenye kurasa, na rangi, ukubwa wa herufi na nafasi vikae kwenye faili moja ambalo kurasa zote hulisoma. Hapa tovuti inaishinda nguo, maana ukibadili kiolezo hata “mashati” yaliyokwisha kushonwa hubadilika.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Juu kabisa ya faili la mitindo tunaandika rangi zetu na kuzipa majina:

:root { --rangi-ya-maandishi: #222222; --rangi-ya-onyo: #B00020; }

Kisha mahali pengine pote tunaita jina tu:

p { color: #222222; color: var(--rangi-ya-maandishi); }
.onyo { color: #B00020; color: var(--rangi-ya-onyo); }

Majina ni yetu wenyewe, mradi yaanze na vistari viwili; Kiswahili kinakubaliwa, na Kinyarwanda pia. Lakini jina litaje kazi ya rangi, si rangi yenyewe. Ukiita “nyekundu”, siku utakapoigeuza kuwa ya machungwa jina litakuwa linasema uongo. Msomaji atauliza kwa nini rangi imeandikwa mara mbili. Ni kwa ajili ya simu za zamani: programu isiyofahamu mstari wa pili huuruka na kutumia ule wa kwanza. Kwa hiyo siku ya kubadili rangi, usiisahau ile namba ya akiba.

Tulipofika hapo tulidhani tumemaliza. Tukabadili mstari mmoja, kurasa nyingi zikabadilika papo hapo, ila ule wa fidia ukabaki na kijivu chake. Sababu ni kwamba aliyeuandika alitia rangi ndani ya ukurasa wenyewe, na katika CSS agizo la ndani ya ukurasa kwa kawaida hulishinda lile la faili la pamoja. Ni kinyume cha tunachopigania katika mkataba wa pamoja, ambapo mkataba wa mtu mmoja usiweze kuwapunguzia wote! Dawa yake ni kuzifuta rangi zilizochomekwa ndani, moja moja. Kuna neno la nguvu, !important, linaloweza kuzishinda bila kuzifuta, lakini ukilizoea, maagizo ya nguvu yatapigana yenyewe kwa yenyewe, na atakayekuja baada yako hatajua lipi ni lipi.

Hali kadhalika rangi isichaguliwe kwa macho ya ofisini. Mwongozo wa W3C unataka herufi za kawaida zitofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 angalau. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe hakifiki hata 3 kwa 1. Hiyo #222222 hupita 15. Lakini baada ya hesabu, toka nje na simu ndogo.

Anayetaka mfano wa karibu afungue tovuti za serikali za Gasabo na Kicukiro kwa pamoja. Habari ni mbalimbali, lakini kichwa, vitufe na mpangilio vina sura moja. Mwananchi akizoea moja, hapotei kwenye nyingine.

Faili letu la mitindo sasa linabadilishwa na watu wawili tu waliochaguliwa na kamati, na nakala yake ya jana huwekwa kabla ya kuligusa, maana kosa la herufi moja humo huonekana kote. Ukurasa wa fidia unasomeka juani. Zimebaki kurasa chache za zamani zenye rangi za ndani. Tutazisafisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda ukiisha. Mwenye kutaka kujifunza na aje. Kompyuta ni moja, ila viti vipo.