Magonjwa Yaliyomo Katika Ukoo

Ndugu wapenzi, nanyi wainjilisti mfundishao katika mitaa ya sharika zetu, twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wazee wetu walilijua sana, lakini hawakulitumia vema.

Mwajua desturi ilivyo kwetu, tangu Iringa hata Mbeya, kijana akitaka kuoa. Shangazi na wajomba hutumwa kimya kimya kuuchunguza ukoo wa binti: Je, mna kifafa? Mna wazimu? Mna watoto wafao wadogo? Majibu yakiwa mabaya, posa hurudi. Basi maarifa ya ukoo yapo, ila hutumika kuifungia mlango nyumba ya wengine. Ya nyumbani mwetu wenyewe twayaficha. Mtu akifa twasema, "Aliugua kidogo tu," au twasema amerogwa, na mwanawe hukua asijue ni ugonjwa gani uliomwondoa babaye.

Tuutazame ugonjwa mmoja, ndio selimundu, ambao wengine huuita sikoseli. Hukadiriwa kwamba katika Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mwenye afya ni za mviringo, hupindika mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo. Ndipo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, mikono na miguu huvimba, macho huwa ya manjano, na damu hupungua. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na kwa mama pamoja. Aliyerithi upande mmoja tu kwa kawaida haugui, naye aweza kufika uzeeni asijue. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina hatari moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Katika usharika mmoja tulizika watoto wawili wa nyumba moja. Lawama yote ilimwangukia mama, maana alitoka mbali. Baada ya matanga, bibi wa upande wa baba akasema polepole ya kuwa ndugu wa mume naye alifiwa na mtoto aliyelia mifupa. Neno hilo lingalisemwa mapema, yule wa pili angalipimwa damu angali mchanga, akapewa penisilini na kinga ya malaria, na baadaye haidroksiyurea, dawa ipunguzayo maumivu. Nao waliotafuta mwenye kosa katika nyumba ile na wausome tena mlango wa 9 wa Injili ya Yohana.

Wako wasemao kwamba huu ni ugonjwa wa pwani na wa Ziwa, si wa milimani. Ni kweli huonekana zaidi penye malaria nyingi. Mwaka wa 1954 Dr. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha ya kuwa mwenye urithi wa upande mmoja hukingwa kwa kadiri na malaria. Lakini vijana wetu huoa Mwanza na Dar es Salaam, na watu wa huko huja kulima mpunga Usangu.

Kisukari na shinikizo la damu havifuati kanuni moja namna hiyo. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yu katika hatari kuliko mwenziwe, ila hakuhukumiwa. Chumvi, pombe na unene vina sehemu yao. Shinikizo hukaa miaka mingi bila dalili, kwa hiyo mwenye baba aliyepooza yampasa kupimwa wakati ajionapo mzima. Vivyo hivyo binti ambaye mama yake alipata saratani ya matiti kabla ya miaka 50 amwambie daktari mapema.

Mkiwauliza wazee, msiulize majina ya magonjwa, ulizeni dalili. Bibi hajui neno kisukari, lakini amkumbuka aliyekunywa maji mengi, akakojoa usiku kucha, akakonda. Aliyeanguka ghafula shambani, mdomo ukapinda na upande mmoja ukafa, huenda alikuwa na shinikizo. Andikeni katika daftari dalili, umri zilipoanza, na umri wa kufa. Kifua kikuu kiandikwe pia, ingawa hakirithiwi bali huambukizwa. Twawahimiza hasa waliolelewa na bibi zao baada ya Ukimwi kuwachukua wazazi, maana mikoa yetu ina wengi wa namna hiyo; wauulize ukoo wa baba na wa mama kabla wazee hawajaisha.

Daftari hilo mwende nalo hospitali, iwe Ilula, Ilembula au Rufaa ya Mbeya. Nao wachumba ambao koo zao zina watoto waliolia mifupa, waombe kupimwa damu kabla ya kutangazwa kanisani. Hakuna sheria iwazuiayo kuoana wakionekana wote wawili wamerithi. Waelezwe na daktari, kisha waamue. Majibu ni yao wawili, wala mwinjilisti asiyasome mbele ya wazee wa kanisa.