Okidi Ndogo Nyumbani: Mafunzo ya Milima ya Uluguru

Mji wa Morogoro umejengwa chini ya Milima ya Uluguru, kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi nyingi mtu aliye mjini huweza kuona kilele cha Lupanga, chenye kimo kinachozidi mita 2,100, kikiwa bado kimefunikwa na wingu, hali barabara za mjini zimekwisha kukauka na joto limeanza kupanda. Ndani ya wingu lile, juu ya matawi yaliyolowana, huota okidi za aina nyingi. Baadhi yake ni ndogo mno hata mmea mzima, pamoja na mizizi na maua yake, huweza kukaa katika kiganja cha mkono.

Uzuri wa mimea hiyo huwavutia watu wengi waichukue nyumbani. Mara nyingi mambo huwa hivi: mmea hubanduliwa mtini, huteremshwa mjini, hupandwa katika kopo lililojaa udongo na samadi, kisha humwagiwa maji asubuhi na jioni. Baada ya majuma machache mizizi huoza, majani hugeuka manjano, na mmea hufa. Aliyeupanda husema kwamba okidi ni mmea dhaifu.

Usemi huo si sahihi. Mmea uwezao kuishi juu ya gome tupu bila udongo, na kuvumilia jua la kiangazi bila kumwagiwa maji, hauwezi kuitwa dhaifu. Okidi ile ilikufa kwa sababu ilipewa vitu isivyovitumia na ikanyimwa vile inavyovihitaji. Makala haya yanaeleza mahitaji hayo ni yapi, na jinsi mwalimu na wanafunzi wanavyoweza kuitunza okidi ndogo bila kuuharibu msitu.

Okidi ni mmea wa namna gani

Okidi ni jamii kubwa ya mimea itoayo maua, yenye spishi zipatazo 28,000 duniani. Ua lake lina sepali tatu na petali tatu. Petali moja hutofautiana na nyingine kwa umbo, na mara nyingi kwa rangi pia. Hiyo huitwa mdomo, na katika spishi nyingi ndipo mdudu anapotua. Sehemu za kiume na za kike za ua zimeungana kuwa nguzo moja. Hiyo ndiyo alama kubwa ya kuitambulisha okidi.

Kwa jinsi ya kuishi, okidi za Tanzania zaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza huota ardhini. Miongoni mwake zimo zile ambazo viazi vyake huchimbwa katika Nyanda za Juu Kusini na kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Kundi la pili huota juu ya miti, na mimea ya namna hiyo huitwa epifiti. Makala haya yanahusu kundi hili la pili.

Yafaa kusahihisha kosa moja linalosababisha okidi nyingi kukwanguliwa kutoka katika miembe na miti mingine ya nyumbani. Epifiti si kimelea. Kirukia ni kimelea, kwa kuwa hupenyeza mizizi yake ndani ya tawi na kufyonza maji na madini ya mti unaokichukua. Mizizi ya okidi haiingii ndani ya tawi; hushikilia gome kwa nje tu. Mti huipa okidi mahali pa kukaa penye mwanga na hewa. Chakula chake okidi hujitengenezea yenyewe.

Kazi ya mzizi

Siri ya okidi ya mtini imo katika mzizi wake. Ukikatwa kwa wembe na kutazamwa kwa hadubini, mzizi huo huonekana umezungukwa na tabaka la seli zilizokufa, ambazo ndani yake ni tupu. Tabaka hilo huitwa velameni, nalo hufanya kazi kama sponji. Mvua inaponyesha, seli hizo hujaa maji katika muda mfupi sana, na mzizi huyapata maji hayo pamoja na chembe za madini zilizooshwa kutoka katika majani na magome. Mvua ikikoma, velameni hukauka na hewa huingia tena.

Mabadiliko hayo huonekana kwa macho. Mzizi mkavu ni mweupe au wa kijivu, kwa sababu hewa iliyomo katika seli tupu huirudisha nuru. Mzizi uliolowa ni wa kijani, kwa sababu maji huiwezesha nuru kupita na umbijani ulio ndani kuonekana. Naam, mizizi mingi ya okidi ina umbijani na huweza kusaidia kutengeneza chakula. Katika jenasi iitwayo Microcoelia mizizi imechukua kazi hiyo karibu yote, kwa maana mimea hiyo haina majani ya kawaida. Microcoelia exilis, mojawapo ya okidi za nyanda za chini za Afrika Mashariki, huonekana kama fundo la nyuzi za kijivu lililonaswa katika tawi, mpaka siku inapotoa vijiti vyembamba vyenye maua meupe ya milimita chache tu.

Okidi nyingi za mtini zina njia nyingine ya kuhifadhi maji. Huvuta kabonidayoksaidi usiku, wakati hewa ina ubaridi na unyevu, kisha huihifadhi kama asidi na kuitumia mchana jua liwakapo. Mkonge unaolimwa katika Mkoa wa Morogoro hufanya vivyo hivyo, na nanasi pia.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ya utunzaji yaweza kutajwa: mzizi wa okidi ya mtini sharti ulowe, kisha ukauke. Katika udongo uliolowa daima, nafasi za hewa hujaa maji, mzizi hukosa oksijeni, na kuvu waozeshao hupata nafasi ya kuushambulia.

Hesabu ya mlima

Kanuni ya pili hufundishwa na mlima wenyewe. Kwa wastani jotoridi hupungua kwa kiasi cha nyuzi 0.6 za sentigredi kwa kila mita 100 za kupanda. Kutoka mjini, mita 500, hadi mahali penye kimo cha mita 1,500 pana tofauti ya mita 1,000. Kwa hiyo tofauti ya jotoridi ni 10 × 0.6, yaani nyuzi 6. Usiku ambao mjini kipimajoto kinaonyesha nyuzi 21, huko juu twaweza kutarajia nyuzi 15 hivi. Karibu na kilele cha Lupanga tofauti hukaribia nyuzi 10.

Mvua nayo haigawanyiki sawasawa. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki, hupanda, hupoa na kuangusha mvua nyingi. Mji wa Morogoro, ulio upande mwingine, hupata mvua chache zaidi, na kuanzia Juni hadi Septemba huwa na kiangazi cha kweli. Huko juu, hata siku isiyo na mvua, ukungu hulowanisha matawi.

Basi okidi iliyozoea mita 1,800 ikiletwa mjini haiokolewi kwa kumwagiwa maji zaidi. Inakosa usiku wa baridi. Katika joto la usiku mmea hupumua kwa kasi na kuteketeza sukari uliyoitengeneza mchana. Akiba hupungua siku kwa siku, hata kama majani bado yanaonekana mazima. Kwa sababu hiyo okidi za msitu wa ukungu, kama zile za jenasi Stolzia zitambaazo juu ya matawi, hazifai kwa nyumba za Morogoro mjini. Zifaazo ni zile ambazo tayari huishi katika kimo cha mji.

Kupata mmea bila kuharibu msitu

Msitu wa Uluguru ni mojawapo ya misitu ya Tao la Mashariki, na una mimea isiyopatikana penginepo popote duniani. Maji ya Mto Ruvu, yanayotumiwa na wakazi wa Dar es Salaam, huanzia katika milima hiyo. Mwaka 2008 msitu huo ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Hairuhusiwi kuchukua mmea humo bila kibali. Aidha, okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Haziwezi kuvushwa mpaka bila hati.

Kuna sababu ya kibiolojia inayoupa ulinzi huo uzito. Tunda moja la okidi huweza kuwa na maelfu ya mbegu, nazo ni ndogo kama vumbi. Lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula kama ile iliyomo katika haragwe au hindi. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba mbegu ya okidi, ili iote, huhitaji kuingiwa na kuvu maalumu wanaoilisha. Zilizo nyingi huanguka pasipo na kuvu hao na kufa. Okidi moja iliyokomaa juu ya tawi ni ile iliyobahatika kati ya mbegu nyingi mno, nayo imechukua miaka kadhaa kufikia hapo. Kuibandua ni kazi ya dakika moja.

Shule basi ina njia tatu za halali. Ya kwanza, iliyo bora, ni kuichunguza okidi palepale ilipoota, katika mwembe au mti mwingine wa uwanjani. Ya pili ni kuokoa okidi zilizo juu ya matawi yanayopogolewa au miti inayokatwa majumbani na mashambani, kwa ruhusa ya mwenye mti. Ya tatu ni kupewa kipande cha mmea na mtu aliyekwisha kuukuza. Njia hii hufaa kwa jenasi kama Polystachya, ambazo mashina yake mengi huvimba na kuwa ghala la maji na chakula. Kila kipande kibakiwe na mashina matatu au zaidi. Microcoelia haigawanywi, na mizizi yake ikibanduliwa hufa upesi. Ikipatikana juu ya tawi lililokatwa, ihamishwe pamoja na kipande cha tawi hilo.

Kuupanda na kuutunza

Huchukuliwa kipande cha ubao mgumu au gome lisilooza upesi, lisilopakwa rangi wala dawa. Mmea hufungwa juu yake kwa uzi wa nailoni, bila kukaza mno, mizizi ikiwa nje. Kwa Polystachya, nyuzi chache za makumbi ya nazi, zilizorowekwa na kusuuzwa mara kadhaa ili kuondoa chumvi, zaweza kuwekwa chini ya mizizi. Udongo hautumiki kabisa. Mizizi mipya ikishika ubao, uzi huondolewa.

Kipande hicho hutundikwa barazani upande wa mashariki, au chini ya mti, mahali penye upepo mwanana. Mwanga hupimwa hivi: saa sita mchana mkono huinuliwa kiasi cha sentimita 30 juu ya mmea. Kivuli chenye kingo kali huonyesha jua limezidi. Kivuli chenye kingo hafifu kinafaa. Kivuli kisipoonekana kabisa, mwanga ni haba.

Maji ya mvua ndiyo bora. Wakati wa kiangazi mmea hunyunyiziwa kila asubuhi mpaka mizizi yote iwe ya kijani, kisha huachwa ukauke kabla ya usiku. Wakati wa masika mvua yenyewe hutosha mara nyingi. Mbolea ya chumvichumvi itumike kidogo sana: nusu gramu katika lita moja ya maji, mara moja kila majuma mawili, na pale tu ncha za mizizi zinapoonekana mbichi na za kijani, yaani mmea unapokua. Konokono waondolewe kwa mkono, na wadudu gamba wafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Kukuza okidi kwa mbegu ni kazi ya maabara. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu huweza kuota bila kuvu zikipandwa katika chupa safi isiyo na vijidudu, juu ya agari yenye sukari na madini. Maabara yenye chungu cha kuchemshia kwa kanieneo yaweza kulijaribu jambo hilo, ila maua yatangojewa miaka kadhaa.

Mazoezi

1. Jaza kopo moja udongo na jingine vipande vya magome. Yote mawili yawe na matundu chini. Pima uzito wa kila kopo, mwagia kila moja mililita 100 za maji, kisha pima tena mara moja, baada ya saa 6 na baada ya saa 24. Chora grafu. Ni kopo lipi linalofanana na makazi ya okidi ya mtini, na kwa nini? Jaribio hili halihitaji kuua mmea hata mmoja.

2. Dondoshea tone la maji juu ya mzizi mkavu wa okidi iliyo mtini. Andika muda unaopita mpaka rangi ibadilike, na muda unaopita mpaka irudi.

3. Kwa siku 14 pima jotoridi la juu na la chini barazani na chini ya mti. Kwa kutumia nyuzi 0.6 kwa mita 100, kadiria jotoridi la usiku katika kimo cha mita 1,800.

4. Mtu ameleta mjini okidi kutoka mita 1,800 na kuitia ndani ya jokofu kila usiku. Jadili kama amelitatua tatizo lake. Fikiri juu ya unyevu, upepo na kabonidayoksaidi.

5. Hesabu okidi zote zilizo katika miti ya shule na ya jirani, bila kuzigusa. Andika aina ya mti, upande wa tawi na kimo kutoka ardhini. Rudia hesabu hiyo kila mwaka, na kumbukumbu zihifadhiwe shuleni kwa ajili ya wanafunzi watakaofuata.